Shajara ya mradi: faharasa ya Kilatini cha upadre kwa Kiswahili

14 Januari 2024: Swali lililoanzisha kazi

Kwaya ya parokia yetu imeanza kujifunza wimbo wa Kilatini kwa ajili ya Misa ya kwanza ya kijana wetu ambaye, Mungu akijalia, atapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwezi Septemba. Maneno yake ni machache: Tu es sacerdos in aeternum secundum ordinem Melchisedech, yaani "Ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki". Mama mmoja wa sauti ya pili aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulijibu: ikiwa sacerdos ni padre, mbona Biblia inasema kuhani, na ikiwa sacerdos ni kuhani, basi padre kwa Kilatini ni nani?

Mimi ni katekista. Kilatini nilikisoma miaka miwili tu katika seminari ndogo kabla sijarudi nyumbani, na sehemu kubwa nimeisahau. Hata hivyo niliahidi kuleta jibu, na nilipolitafuta niliona kwamba swali moja lilikuwa limebeba mengine thelathini. Kwa hiyo nimeamua kuandaa kijitabu kidogo cha maneno ya Kilatini yanayohusu upadre, kila neno na maelezo yake kwa Kiswahili, na kuandika hapa kila hatua ili katekista mwingine akitaka kufanya hivyo asirudie makosa yangu. Vyanzo nilivyoanza navyo ni Biblia ya Kilatini ya Vulgata, Biblia ya Kiswahili ya Union, hati za Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 na ibada yenyewe ya upadrisho. Karibu vyote vinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Gharama ni bando tu, ambayo hadi leo imefika shilingi 8,000.

10 Februari 2024: Orodha ya safu mbili imeshindikana

Nilianza kama aanzavyo kila mtu, kwa safu mbili: upande wa kushoto neno la Kilatini, upande wa kulia neno la Kiswahili. Baada ya maneno ishirini niligundua kwamba upande wa kulia nilikuwa nimeandika "padre" mara tano. Sacerdos, padre, presbyter, padre, pater, padre, parochus, padre wa parokia, hata celebrans, padre anayeadhimisha. Orodha ya namna hiyo haimfundishi mtu chochote zaidi ya kwamba Warumi walipenda maneno mengi.

Kosa halikuwa la Kiswahili. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilisahau kwamba lugha yetu imehifadhi tofauti ambayo Kiingereza na Kifaransa viliipoteza. Katika lugha hizo neno moja, lililotokana na presbyter, hutumika kwa kuhani wa hekalu la Yerusalemu na kwa padre wa parokia vilevile. Sisi tuna maneno matatu, na kila moja lina njia yake. Kuhani limetoka katika Kiarabu, kāhin, na ni ndugu wa kohen wa Kiebrania. Huyu ndiye atoaye sadaka, ndiye sacerdos. Kasisi nalo limepitia Kiarabu kutoka Kisiria, ambako qashisha maana yake ni mzee. Na presbyter, neno ambalo Kilatini kililiazima kwa Wagiriki, maana yake ni mzee vilevile. Kwa hiyo anayesema kasisi amesema presbyter bila kujua. Padre ni neno la Kireno lenye mzizi katika pater wa Kilatini, yaani baba, na kwa asili yake ni jina la kumwitia mtu kwa heshima, wala halitaji cheo wala kazi yake.

Nimetupa karatasi ya safu mbili na kuhamia kwenye kadi. Kila kadi ina sehemu nne: neno la Kilatini na asili yake, mahali pamoja hasa ambapo neno hilo limesimama katika Maandiko, ibada au hati, neno la Kiswahili linalofaa, na neno la Kiswahili linaloonekana kufaa lakini lisitumike. Sehemu ya nne ndiyo inayonichukulia muda, na ninaamini ndiyo itakayowafaa wasomaji zaidi.

9 Machi 2024: Nani aliitwa sacerdos kwanza

Kadi ya sacerdos pekee imenichukua majuma matatu. Nilikuwa nimeandika kwamba mitume waliwaita mapadre wa kwanza makuhani. Si kweli. Katika Agano Jipya hakuna mhudumu yeyote wa Kanisa anayeitwa kwa jina hilo. Waraka kwa Waebrania unampa Kristo jina la kuhani. Waraka wa Kwanza wa Petro unalipa taifa zima la waamini, regale sacerdotium, "ukuhani wa kifalme". Wahudumu wa makanisa wanaitwa wazee: Yakobo anaposema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, Vulgata inasema presbyteros ecclesiae.

Jina la sacerdos lilianza kushika mizizi kwa wahudumu katika Kilatini cha Kanisa la Afrika ya Kaskazini, jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki tunaposema kwamba Kilatini ni lugha ya Wazungu. Huko Karthago, Tunisia ya leo, Tertuliani, mwandishi Mkristo wa zamani, aliandika kuhusu ubatizo kwamba haki ya kuutoa ni ya summus sacerdos, kuhani mkuu, yaani askofu. Sipriani, askofu wa mji huohuo aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, anaposema sacerdos huwa mara nyingi anamaanisha askofu. Polepole neno likawashukia mapadre, hadi likawa jina lao la kawaida kiasi cha kumfunika presbyter.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliomrudisha presbyter mbele: hati ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya huduma na maisha ya mapadre inaitwa Presbyterorum Ordinis. Mwaka mmoja kabla yake, hati ya Mtaguso huohuo juu ya Kanisa, Lumen gentium, namba 10, ilikuwa imesema kwamba ukuhani wa waamini wote na ukuhani wa huduma vinatofautiana essentia et non gradu tantum, kwa asili na si kwa ngazi tu. Hapo Kiswahili kinatupa msaada mkubwa, kwa sababu tunaweza kumwambia muumini kwamba yeye ni kuhani kwa ubatizo wake bila kumwambia kwamba yeye ni padre. Kwenye kadi nimeandika: sacerdos ni kuhani; presbyter ni kasisi au padre; lisitumike "mchungaji", kwa kuwa hilo ni pastor na lina kadi yake.

21 Aprili 2024: Daraja si daraja

Leo, Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito, niligawa nakala kumi na mbili za majaribio zenye kurasa kumi na sita kwa kwaya na kwa makatekista wenzangu. Fotokopi kwa shilingi 100 kila ukurasa ziligharimu shilingi 19,200. Humo mlikuwa na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya hadi sasa.

Kwenye kadi ya ordo niliandika, kwa fahari kabisa, kwamba sakramenti hii inaitwa Daraja kwa sababu padre ni daraja kati ya Mungu na watu, kama daraja linalovusha watu mtoni. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuyatilia shaka. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, ambaye huimba besi, alinisubiri hadi watu wakatawanyika, kisha akaniuliza kwa upole: "Katekista, mbona tunasema Daraja Takatifu ya Upadre, wakati mtoni tunasema daraja la mto?"

Ameniokoa. Daraja ya sakramenti imetoka katika Kiarabu kwa maana ya kidato, ngazi, cheo. Ndiyo tunayoisikia pia mtu anapopata daraja la kwanza katika mtihani. Hiyo ndiyo maana ya ordo: mstari, safu, kundi la watu wenye hadhi moja. Warumi walikuwa na ordo ya maseneta, na Tertuliani alitumia neno hilo kutofautisha ordo na plebs, yaani wakleri (wahudumu wenye daraja) na umma wa waamini. Hakuna mto wala kivuko katika ordo.

Sikutaka kulitupa daraja la mtoni, maana lina haki yake, ila nilikuwa nimelijenga pasipo pake. Mahali pake ni kwenye kadi ya pontifex, jina la baadhi ya makuhani wa Roma ya kale. Varro, mtaalamu wa Kilatini wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliona kwamba neno hilo limetokana na pons, daraja, na facere, kutengeneza, kwa kuwa makuhani hao wa Roma ndio waliojenga na kukarabati daraja la Sublicius, ingawa anataja pia maoni mengine. Vulgata inatumia pontifex kwa kuhani mkuu katika Waebrania 5:1: Omnis namque pontifex ex hominibus assumptus. Basi mhubiri anayetaka kuvusha watu mtoni na aanzie hapo.

Marekebisho hayo yalifungua mlango mwingine. Wimbo wetu unasema secundum ordinem Melchisedech, na Biblia ya Union inasema "kwa mfano wa Melkizedeki". Mfano ni tafsiri inayoeleweka, lakini anayelinganisha maandishi mawili hataona kwamba ordo ya wimbo ndilo neno lilelile la sakramenti. Nimeandika tofauti hiyo kwa ufupi pembeni mwa kadi, bila kumhukumu mfasiri yeyote.

1 Juni 2024: Mafuta, kikombe au mikono?

Nimesafiri mara mbili hadi kwa padre mstaafu anayeishi wilaya ya jirani, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 14,000 kila safari. Mzee huyu alipitia seminari katika miaka ya 1960 na alipewa ngazi zote za zamani, moja baada ya nyingine. Nilimsomea orodha yangu ya daraja saba kama zilivyotajwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563: bawabu, msomaji, mfukuza pepo, akoliti (msaidizi wa altareni), shemasi mdogo, shemasi na kuhani. Akacheka, akasema nimeandika kana kwamba bado tupo mwaka huo. Papa Paulo VI aliziondoa daraja ndogo, yaani zile nne za kwanza, na ushemasi mdogo kwa barua Ministeria quaedam ya tarehe 15 Agosti 1972. Msomaji na akoliti wakabaki kama huduma, na neno la kuwapa huduma hizo likawa institutio, kusimikwa, badala ya ordinatio, kupewa daraja. Nimerekebisha. Kwa exorcista nilikuwa nimeandika "mpunga pepo". Nalo limeingia katika sehemu ya nne ya kadi, maana kwetu mpunga pepo ni mtu wa ngoma na ubani.

Kosa la pili lilihitaji mazungumzo marefu. Niliandika kwamba mtu anakuwa padre pale anapopakwa mafuta mikononi. Jirani yangu alikuwa na hakika kwamba ni pale anapokabidhiwa kikombe na patena, kisahani cha mkate wa Misa. Yeye ana wakubwa upande wake: hati ya Mtaguso wa Firenze kwa Waarmenia, mwaka 1439, ilisema kwamba daraja ya upadre hutolewa kwa kukabidhiwa kikombe chenye divai na patena yenye mkate. Mjadala huo wanateolojia waliuendeleza kwa karne nyingi, hadi Papa Pius XII alipotoa katiba Sacramentum Ordinis tarehe 30 Novemba 1947 na kuamua kwamba kinachotenda ni kuwekewa mikono pamoja na sala ya kuweka wakfu, na kwamba kukabidhiwa vyombo, walau tangu hapo na kuendelea, si jambo la lazima. Aliyataja hata maneno mahususi ya sala ambayo bila hayo hakuna upadrisho. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyepewa upadre mwaka 1943, alipadirishwa kabla ya uamuzi huo. Vijana wa sasa wanapadirishwa kwa ibada iliyorekebishwa mwaka 1968, ambayo maneno hayo ya lazima iliyagusa kidogo sana.

Maneno yenyewe nilijaribu kuyafafanua, na hapa nakiri aibu. Sala inamwomba Mungu awajalie watumishi wake presbyterii dignitatem, hadhi ya upadre, kisha innova in visceribus eorum Spiritum sanctitatis. Nilifuata kamusi nikaandika "ufanye upya katika matumbo yao Roho wa utakatifu". Mzee alinitazama tu. Sasa nimeandika "vilindini mwa mioyo yao". Secundi meriti munus nililiita "kazi ya mastahili ya pili", lisilo na maana yoyote. Meritum hapa ni cheo, na munus ni wadhifa ambao ni zawadi na mzigo kwa pamoja, kwa hiyo "wadhifa wa ngazi ya pili", chini ya askofu. Mwisho, exemplo suae conversationis, ambalo programu ya kutafsiri kwenye simu ilinipa kama "mfano wa mazungumzo yao". Conversatio ya Kilatini cha Kanisa ni mwenendo wa maisha. Padre aliyeombewa mazungumzo mazuri tu angekuwa amepungukiwa sana.

Niweke wazi kwamba ufafanuzi huu ni wa kufundishia. Tafsiri ya maneno ya lazima ya sakramenti huidhinishwa na Roma, na hakuna katekista anayeruhusiwa kuyachezea katika ibada.

13 Julai 2024: Nafsi, niaba, na herufi ch

Safari mbili nyingine kwa mzee, na hivyo nauli zote zimefika shilingi 56,000. Tulishindana juu ya in persona Christi, maneno yanayoeleza jinsi padre anavyotenda katika Misa. Nilipendelea "kwa niaba ya Kristo" kwa sababu kila mtu anaielewa. Hoja yake ilikuwa kwamba niaba ni ya mtu asiyekuwapo: mjumbe huja kwa niaba ya mwenyekiti kwa kuwa mwenyekiti yuko kwingine. Katika Misa, Kristo mwenyewe yupo na ndiye anayetenda. Sipriani alisema vice Christi, "mahali pa Kristo", na hapo niaba inaweza kukaribia. Lakini kwa persona tubaki na neno tunalolitumia kwa Utatu, nafsi, tuseme "katika nafsi ya Kristo". Nilihofu kwamba wasikilizaji watafikiria mtu aliyepandwa na roho. Alisema hofu hiyo ni ya kweli na dawa yake ni maelezo, wala si neno jepesi. Nimekubali shingo upande, na nimeongeza sentensi mbili za maelezo, pamoja na habari kwamba mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alirekebisha Sheria za Kanisa, kanuni ya 1009, ili ieleweke kwamba maaskofu na mapadre ndio wanaopokea uwezo wa kutenda katika nafsi ya Kristo Kichwa, ilhali mashemasi hupewa nguvu ya kulihudumia taifa la Mungu.

Upande wa matamshi nilidhani hakutakuwa na tabu, kwa kuwa irabu za Kilatini cha Kanisa ni tano kama zetu, na gn hutamkwa ny kabisa, kiasi kwamba Agnus ni rahisi kwetu. Nilirekodi kwaya kwa simu, na nilipoisikiliza nyumbani nikasikia "Melchisedech" ikiimbwa kwa ch ya chai na chumvi. Kilatini kimeandika ch lakini hutamkwa k. Ch yetu ni c yao mbele ya e na i, ndiyo maana sacerdos ni "sacherdos". Kosa lilikuwa kwenye karatasi yangu, sikuweka mwongozo.

Jingine ni mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na kwa sacérdos tunapatia. Lakini kwa diáconus, epíscopus, póntifex na órdinem mkazo uko silabi moja nyuma zaidi, na kwaya nzima ilisema "ordínem". Suluhisho ni lile la vitabu vya liturujia: kuweka alama ya mkazo juu ya kila neno lenye silabi tatu au zaidi. Kazi ya jioni mbili.

17 Agosti 2024: Nyumba ndogo

Sehemu ya mavazi ya Misa niliiandika haraka kwa sababu niliiona nyepesi: stola, alba, cingulum, casula. Kasula ni neno lililotokana na casa, nyumba, kwa umbo la udogo, kwa kuwa vazi hilo lilimfunika mtu mzima kama kibanda. Nikaandika kwamba "kasula maana yake ni nyumba ndogo, na kila padre anayo". Nilikuwa nimeshatuma faili, na nakala ishirini zimeshabanwa pini, ndipo mke wangu aliposoma ukurasa huo, akacheka hadi akakaa chini. Sina haja ya kueleza kwa nini. Nakala hizo ishirini zenye thamani ya shilingi 32,400 zimechanwa na kuwashia jiko, na sasa imeandikwa "kijumba".

Anayenakili kazi hii asichapishe kabla mtu asiyejua Kilatini hajaisoma yote. Mzee wangu mtaalamu alikuwa ameupitia ukurasa huohuo na hakuona kitu.

21 Septemba 2024: Hesabu na yaliyobaki

Kijitabu kimekamilika: kurasa 32, kadi 61, nakala 80. Kila nakala, pamoja na jalada la rangi, imegharimu shilingi 1,620, jumla shilingi 129,600. Nikijumlisha nakala za majaribio, zile zilizoharibika, nauli na bando lililofika shilingi 30,000, mradi mzima umetumia shilingi 267,200. Kamati ya liturujia ilichangia 100,000. Zilizobaki zilitoka mfukoni mwangu.

Misa ya kwanza imeadhimishwa. Kwaya iliimba Melkisedek kwa k safi, isipokuwa besi wawili waliokosa mazoezi ya mwisho. Yule mama wa sauti ya pili amepata jibu lake ukurasa wa 5, na tayari ameleta swali jipya: kwa nini Jerome, mfasiri wa Vulgata, katika barua yake kwa Nepotiani, anasema wakleri wameitwa hivyo kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kura au fungu, kwa kuwa wao ni fungu la Bwana au Bwana ndiye fungu lao, ilhali kadi ya clerus nimeijaza mistari miwili tu. Ana haki. Kadi hiyo na ya pater zitaandikwa upya katika chapa ya pili. Kwa sasa, aliye na nakala arekebishe kwa kalamu ukurasa wa 19, mstari wa tatu kutoka chini: palipoandikwa "1974" isomeke "1947".